Ankal, Kuchora Ni Kazi. Lakini Wasanii, Nyinyi Pia Mna Kesi

Krismasi iliyopita, nyumbani Runyenjes, ankal aliniuliza mbele ya familia nzima: "Hizo katuni utachora mpaka lini, kijana?" Watu wakacheka. Nikakula chapati yangu nikanyamaza. Leo najibu.

Ankal, sekunde moja ya filamu ni picha 24. Filamu ya dakika 90 inafika picha 129,600. Hata kila mchoro ukitumika mara mbili, vile wengi hufanya, bado ni 64,800. Hakuna mtu wa kumaliza hizo peke yake, so wanaajiriwa watu kibao. Halafu kuna mmoja wa kuamua jua litakuwa la rangi gani, udongo je, mti usimame vipi, ndio filamu nzima ionekane imetoka kwa mkono mmoja. Anaitwa mwelekezi wa sanaa, na analipwa.

Na usiniambie ati Wakenya hatuwezi. Tinga Tinga Tales, zile hadithi za wanyama watoto wanapenda kwa tivii, zilitengenezwa Nairobi. Ng'endo Mukii aliongoza "Enkai", moja ya filamu fupi 10 za Kizazi Moto, ikaingia Disney+ mwaka wa 2023.

Sasa nyinyi wasee wa kuchora. Kazi zenu nimeona. Msee amezaliwa Maua, kila siku anaona miraa ikifungwa kwa majani ya mgomba, lakini mhusika wake ana nywele za njano na anatembea kwa theluji. Theluji yetu iko juu ya Mlima Kenya, na huko hujawahi panda! Programu unazijua, vitufe vyote umekariri, lakini huangalii kitu. Ukiendelea hivyo utakuwa mkono wa kukodishwa tu, unapaka rangi yenye mtu mwingine amechagua.

Enda uangalie My Neighbor Totoro ya 1988. Mwelekezi wake wa sanaa, Kazuo Oga, alichora miti, mashamba na njia za kijijini Japani. Kijiji tu, na dunia ikapenda. Sisi tuna majani chai yenye umande huku juu Embu, udongo mwekundu hadi kwa soksi, Probox za muguka zikitoka Mbeere kama zinafukuzwa. Nani amechora hizo?

Na hapana, sisemi uache chuo. Mimi niliacha mwaka wa pili juu ya karo, na sasa nahariri video za harusi za watu hapa Meru na Embu. Ng'endo alisomea Royal College of Art, London. Hiyo pesa bonasi ya chai haiwezi toa, najua. So kaunti zetu mbili, tupeni chumba kimoja kwa kila mji, kompyuta kumi, na stima isiyopotea. Tutaanzia hapo.

Ankal, Krismasi hii nakuja na daftari. Nataka kukuchora ukichuma chai. Usinyoe ndevu.