Ramani ya Kwanza Iwe ya Kijijini

Kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na kwa Idara ya Elimu ya Awali na Msingi, Halmashauri ya Wilaya ya Tarime

Waheshimiwa,

Mwanafunzi wa Nyanungu hufundishwa kutaja sehemu za ramani: kichwa, ufunguo, skeli, dira, fremu. Huzikariri na kufaulu. Mwambie achore njia ya kutoka kwao hadi shuleni, aonyeshe zahanati na upande ulipo mpaka wa Hifadhi ya Serengeti, na kalamu inasimama. Silaumu walimu, ramani wanazopewa ni za nchi nzima.

Nawaandikia kwa sababu mkoani Mara tumeshaona thamani ya ramani ya kijiji. Wasichana walipokuwa wakikimbia ukeketaji, waliotaka kuwafikia na kuwapeleka nyumba salama ya Mugumu walikwama, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa kwenye ramani yoyote. Ndipo mwaka 2015 ukaanza mradi wa Crowd2Map. Watu wa kujitolea, wengi wakiwa ng'ambo, huchora barabara na nyumba zetu kutoka picha za setilaiti na kuziweka kwenye OpenStreetMap, ambayo yeyote anaitumia bure.

Lakini aliye ng'ambo huona paa la bati tu. Jina la kitongoji halioni, wala hajui kijito gani hakivukiki wakati wa masika. Mtoto wa darasa la tano anajua, maana huko ndiko anakochunga.

Taasisi, naomba ramani katika Jiografia na Mazingira ianzie nje ya darasa. Hatua za miguu ziwe skeli ya kwanza. Asubuhi mtoto alielekee jua, mkono wa kushoto umwonyeshe kaskazini. Alama za ufunguo wazibuni wenyewe. Madarasa yamejaa, najua. Basi watoke kwa makundi ya vitongoji vyao, kila kundi lichore kwao, kisha vipande viunganishwe ukutani.

Halmashauri, naomba kila shule ipate ramani kubwa ya kata, iliyochapishwa, ambayo watoto wanaruhusiwa kuisahihisha kwa kalamu. Gharama ni ya kuchapa tu.

Msimu wa ukeketaji tunaufahamu: Desemba, hasa ya miaka ya namba shufwa. Kazi hii ifanyike kabla ya shule kufungwa, ili msichana aende likizo akijua njia ya kufika kituo cha polisi, na akipiga simu aweze kusema yuko wapi.

Mzazi, Nyanungu