Nidhamu unayo tayari mama, iko kwenye kadi ya kliniki (Sehemu ya 4)

Tunaendelea na mada yetu ya malengo baada ya kujifungua.

Kuna maneno nayasikia karibu kila siku kliniki: "Nesi, mimi sina nidhamu. Nataka kurudi shule, nataka kufungua biashara, lakini najiona mvivu na sijiamini tena." Leo naomba nikubishie.

Mitandaoni humu wapo wanaokwambia ukitaka kufanikiwa amka saa kumi alfajiri, soma kitabu, fanya mazoezi, panga siku yako. Sawa. Lakini mtoto mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa saa 24. Saa kumi alfajiri wewe uko macho tayari, na saa nane ulikuwa macho, na saa sita pia. Anayekuita mvivu kwa sababu alfajiri ulipitiwa na usingizi, mwachie mtoto wako usiku mmoja tu halafu mwongee asubuhi.

Sasa nenda kachukue kadi ya kliniki ya mwanao. Iangalie vizuri. Chanjo alipozaliwa, wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14. Miezi 9 surua na rubela, miezi 18 tena. Katikati hapo ulimleta kupima uzito, juani, kwenye mvua, wakati mwingine bila nauli. Kabla ya hapo ulimeza vidonge vya kuongeza damu kila siku, na kichefuchefu chako na choo kigumu juu. Kuna mtu alikufuata na fimbo? Hakuna. Hiyo ndiyo nidhamu, mama. Shida ni kwamba ukiitumia kwa ajili ya mtoto unaiita wajibu, ikifika zamu yako unasema huna.

Kwa hiyo swali langu ni hili: kwa nini ya mtoto inawezekana na yako inakwama? Mimi naona kadi inatufundisha mambo matatu.

Kwanza, kadi ina tarehe. "Nitarudi shule Mungu akipenda" sio tarehe. Mungu anapenda, wewe andika siku.

Pili, dozi ni ndogo. Hatumpi mtoto chanjo zote za utotoni siku moja. Chukua mama aliyeacha shule kwa ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali yetu ya Tanzania iliruhusu wasichana hawa kurudi darasani, na aliyevuka umri huo anaweza kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kama hakufaulu kidato cha pili, anaanza na mtihani wa QT. Ukiitazama safari yote kwa mara moja utakata tamaa. Igawe. Wiki hii kazi yako ni moja tu: kuuliza kituo cha mtihani kilicho karibu ada ni shilingi ngapi na usajili unafungwa lini. Wiki ijayo, kutafuta daftari za somo moja. Baada ya hapo, dakika 20 kila mtoto akilala mchana. Usiseme saa fulani, maana mtoto hajui saa. Sema akilala, nasoma.

Tatu, na hili ndilo kubwa: ukikosa, huanzi upya. Mtoto akikosa chanjo ya wiki ya 10, hatufuti ile ya wiki ya 6. Tunaendelea pale alipoishia. Lakini mama akikosa siku tatu kwa sababu mtoto alikuwa na homa, anasema "basi, nimeshindwa", anatupa daftari uvunguni. Jamani! Endelea pale ulipoishia.

Na kujiamini je? Wengi mnasubiri mjiamini kwanza ndipo muanze. Mtoto hapati kinga kwanza ndipo achanjwe. Anachanjwa, kisha mwili unajenga kinga taratibu. Kujiamini ni hivyo hivyo. Kila ukitimiza kadogo ulikojiahidi, unapata sababu ya kujiamini kesho.

Baba, usiondoke, na wewe una dozi yako. Mke hawezi kusoma mtoto akiwa mgongoni na sufuria jikoni. Nusu saa jioni, mshike mtoto. Usiseme unamsaidia mama. Mtoto ni wako pia.

Neno la mwisho, na naomba mlichukulie kwa uzito. Kama umejifungua na kwa wiki mbili au zaidi una huzuni, unalia bila sababu, huna hamu na chochote, au hupati usingizi hata mtoto akiwa amelala, huo sio uvivu wala kukosa nidhamu. Ni ugonjwa na una matibabu. Njoo kituoni, tueleze. Na kama yanakujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu sasa hivi na uje leo hii, usisubiri tarehe ya kliniki.

Usiku huu chukua daftari, chora kadi yako mwenyewe. Lengo moja, tarehe moja, dozi moja ndogo ya wiki hii. Sehemu ya 5 tutaongelea pesa: mama anayeanza biashara na mtaji wa kuungaunga. Mlale salama, wale mtakaolala.