Kungojea simu nayo ni kazi

Vijana wenzetu,

Tuko na diploma, na tunahesabiwa kati ya wasio na kazi. Lakini saa nane ya usiku simu inalia: «Petit, serveri ilianguka, kuya mbio!» Sasa tunauliza: mtu asiye na kazi anaamshwa usiku kwa kazi gani?

Mmoja wetu alisoma informatiki hapa Lubumbashi. Alitafuta kazi miaka miwili, mwishoni akapata kontra ya kurasa mbili kwa mfanyabiashara anayeuzia kampuni za migodi vifaa. Anaangalia mtandao, kamera na serveri ya depo. Kontra inamwita «prestataire», maana yake hana likizo, hana CNSS ya kulipiwa, na akigonjwa ni shauri yake. Ila mstari wa chini kabisa unasema atapatikana 24/24, na akiitwa afike ndani ya dakika thelathini. Malipo ni dola 100 kwa mwezi, yote ndani. Umeme wa SNEL ukikatika na jenereta ikachelewa kuwaka, ni yeye. Kamera ikizimika wakati wa misa, ni yeye. Siku shangazi yake alipozikwa Likasi, mwendo wa kilometa 120 hivi, alibaki Lubumbashi na simu mkononi. Siku hiyo simu haikulia hata mara moja. Alipomwambia patroni habari ya siku ile, alijibiwa: «Si haukutumika? Sasa nikulipe nini?»

Jibu hilo njo tunalikataa.

Tupige hesabu. Juma lina saa 168. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ile ya 2002, inaweka saa 45 za kazi kwa juma. Ukizitoa, zinabaki 123: jioni, usiku, Jumapili, matanga, mchumba, yote humo. Mwenzetu amefungwa saa hizo zote. Kwa majuma manne ni saa 492. Gawanya dola 100 humo, unapata senti 20 kwa saa, na hapo tumehesabu kama vile kazi yote ya mchana aliifanya bure.

Watatuambia mtu wa kontra ni huru, sheria ya kazi haimuhusu. Sawa. Lakini sheria ile ile inamtambua mfanyakazi kwa kuwa anatumika chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine, kwa malipo. Mtu huru anapanga saa zake. Kama siwezi kwenda kumzika shangazi, uhuru wangu uko wapi?

Na haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 2018 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mzima-moto wa Nivelles, Ubelgiji. Akiwa zamu nyumbani kwake, alitakiwa kufika kituoni ndani ya dakika 8. Mahakama ikasema muda ule wa kungojea nyumbani ni muda wa kazi. Tunajua hukumu hiyo haina nguvu hapa. Lakini fikra yake inaeleweka hata Katuba: wakikupa dakika chache, kamba yako ni fupi. Na dakika thelathini katika mji huu, usiku, bila gari, ni kamba fupi sana.

Kwa hiyo bei iwe na vipande viwili. Cha kwanza ni cha kungojea, kinalipwa simu ilie isilie. Cha pili ni cha kutoka, kinalipwa kwa saa, tangu unapofunga mlango wa nyumba mpaka unaporudi. Kwa kungojea, sisi tunaona robo ya bei ya saa yako kama unadaiwa kufika ndani ya nusu saa. Kama wanaweza kungoja mpaka asubuhi, hata sehemu ya kumi inatosha. Mwenye dola 4 kwa saa atadai dola 1 kwa kila saa ya kungojea, na kwa zile saa 492 ni dola 492. Patroni atacheka. Mwache acheke, halafu aseme ni saa zipi anazihitaji kweli. Depo inafungwa saa kumi na mbili ya jioni. Serveri ya depo iliyofungwa, nani anaitaka saa nane ya usiku? Wakati kungojea kulikuwa bure, hakuna aliyeuliza.

Kwa kutoka, weka angalau saa mbili kila mara, na usiku uzidi mchana. Hata waajiriwa wanaongezwa asilimia 30 kwa saa sita za kwanza za ziada, 60 kwa zinazofuata, na 100 siku ya mapumziko. Tuanzie hapo. Pikipiki ya usiku na mega za intaneti ni juu ya anayeita. Na bei yako ya saa usiichukue kwenye mshahara wa kaka aliyeajiriwa: yeye likizo yake inalipwa, wewe kompyuta ikikufa unainunua mwenyewe.

Sasa neno gumu, letu sisi kwa sisi. Patroni akisema «kuko kumi wanangoja inje», hasemi uongo. Sisi njo hao kumi. Mwenzako anasema 150, wewe 100, mwingine anafika na 70. Hatumlaumu mwenye njaa, nasi tuko nayo. Tunaomba kitu kidogo tu: kabla ya kutaja bei, mpigie aliyekuwa pale mbele yako, umuulize alilipwa ngapi na aliitwa mara ngapi kwa mwezi. Tunafichana bei kama vile ni aibu.

Mwenzetu alirudi kwa patroni na hesabu zake kwenye karatasi moja. Walibishana majuma mawili. Hakupata yote. Dola zilibaki 100, lakini sasa anangojea kuanzia saa kumi na mbili ya jioni mpaka saa nne ya usiku, siku za kazi tu. Kila kutoka ni dola 10, pikipiki kando. Jumapili anazima simu. Ya kwanza alienda Likasi kuona kaburi.