Hawakufika Vitani

Tukisikia mtoto wa mtu amekufa wakati wa vita, tunadhani ameuawa na adui. Sivyo sikuzote.

Katika Vita Kuu ya Pili, maelfu ya vijana walipelekwa Kanada kujifunza kazi za ndege. Mwongoza njia hakushika usukani. Alikaa na ramani, dira, saa na penseli, akikadiria jinsi upepo unavyoisukuma ndege. Usiku alipima nyota. Akikosea digrii 1 tu, baada ya maili 60 wamepotoka maili 1. Gizani, yatosha kugonga mlima. Milima ya Wales na Scotland ingali na mabaki ya ndege za mafunzo.

Katika kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza walikufa zaidi ya 55,000. Wapatao 8,000 walikufa mazoezini na katika ajali nyingine. Huko Kanada mama zao walipewa msalaba wa fedha, sawa na mama wa aliyeuawa na adui.

Nasi tunapomwaga mtoto anayekwenda kujifunza kazi, tusiseme, "Ni mafunzo tu." Tumwage vizuri.