Programu inayoamua karo ya mtoto wa Nyeri

Haya wasomaji, leo mniwie radhi, sitaandika kuhusu seva wala simu mpya. Nitaandika kuhusu karo. Msikimbie lakini, maana katikati ya habari hii kuna programu ya kompyuta, na ndiyo iliyonikalisha chini.

Nilisomea Sayansi ya Kompyuta katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, nje kidogo ya mji wa Nyeri kwenye barabara ya Mweiga. Wengi hudhani ni chuo cha juzi kwa sababu Rais Mwai Kibaki alikipa hati ya kuwa chuo kikuu kamili Desemba 2012, na kuanzia 2007 kilikuwa chuo kishiriki cha JKUAT. Ukweli ni kwamba mzizi wake ni wa 1972, wakati kilipoanzishwa kama taasisi ya ufundi ya harambee. Wakazi wa Nyeri, wengi wao wakulima, walichanga, wakaipa jina la mtu aliyekamatwa kwao Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti Februari 1957. Ukizunguka Mlima Kenya utakuta hadithi kama hiyo tena na tena. Murang'a ilikuwa hivyo kabla ya kuwa chuo kikuu. Kule Meru, wazee wa Njuri Ncheke ndio waliotoa ardhi.

(Kuna wanaosema tulipoteza vyuo vizuri vya ufundi ili tupate vyuo vikuu vingi. Nakubaliana nao kwa kiasi fulani, ila hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Kitu kimoja kuhusu harambee ambacho vijana wa siku hizi wa M-Pesa hawakukiona: mchango ulisomwa kwa sauti. Fulani, shilingi ishirini. Fulani, kuku mmoja. Kila mtu alijua nani katoa nini, na kama hesabu haikukubali, mzee mmoja wa nyuma alisimama akauliza. Shikilieni hapo, nitarudi.

Mimi niliingia chuoni wakati wa karo ya zamani. Mwanafunzi aliyepelekwa na serikali alitozwa shilingi 16,000 za masomo kwa mwaka, pamoja na ada nyingine ndogo ndogo. Bodi ya HELB, iliyoundwa kwa sheria ya 1995, ilikopesha kati ya 35,000 na 60,000 hivi kwa mwaka, na ukijibana ungelipa karo, chumba King'ong'o na githeri. Baridi ya Julai haikuwa na mkopo wake, hiyo ulijipanga mwenyewe.

Lakini tusidanganyane, ile 16,000 haikuwa bei ya kitu chochote. Maabara moja tu ya kompyuta ingeimeza karo ya darasa zima. Pengo lilizibwa na ruzuku ya serikali na wanafunzi wa "parallel", waliolipa bei kamili tangu mpango huo uanze Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998. Kisha ukaja mtihani wa KCSE wa 2016. Waliopata C+ na zaidi walishuka kutoka zaidi ya 160,000 mwaka uliotangulia hadi 88,929. Ghafla serikali ikawa na nafasi ya kuwachukua wote waliofuzu, na wateja wa parallel wakayeyuka. Serikali nayo ilikuwa imeahidi kulipia asilimia 80 ya gharama ya kila kozi, na haikutimiza. Vyuo vikazama kwenye madeni. Kwa hiyo mtu akiniambia turudi kwenye 16,000, huwa namuuliza tofauti italipwa na nani.

Mei 2023 ukatangazwa mfumo mpya. Kila kozi ikapewa bei yake halisi, na kila mwanafunzi akapimwa uwezo wa nyumbani kwao. Mwaka 2024 kulikuwa na bendi tano. Bendi ya kwanza, familia isiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, ilipewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa 25, na mzazi akabaki na 5. Bendi ya tano, familia inayopata zaidi ya 120,000, ilipewa ufadhili wa 30, mkopo wa 30, na mzazi akatoa 40. Wazo lenyewe mimi sina ugomvi nalo. Mtoto wa bwana mkubwa wa Nairobi hana sababu ya kulipa sawa na mtoto wa kibarua wa Kieni.

Ugomvi wangu ni na ile programu. Unajaza fomu kwenye wavuti, unabonyeza, na baada ya siku kadhaa inakurudishia namba kati ya 1 na 5. Tumeambiwa inaangalia nini: hali ya wazazi, jinsia, gharama ya kozi, eneo lililotengwa, ulemavu, ukubwa wa familia. Uzito wa kila kimoja sijauona umechapishwa mahali. Sisi tunaoandika programu kwa ajili ya kula tunajua kwamba orodha ya vigezo bila uzito wake ni sawa na kuambiwa chapati ina unga, maji na mafuta. Haya, pika.

Chukua mkulima wa Othaya anayepeleka majani ya chai kiwandani. Kila mwezi anapata kidogo, kisha bonasi inakuja mara moja kwa mwaka na kwa siku mbili anaonekana tajiri. Jirani yake wa kahawa analipwa kwa msimu. Kipato chake cha "mwezi" ni kipi? Na lile shamba ambalo bado liko kwa jina la babu, wana wanane wanalilima bila hati, ni mali ya nani? Mtu aliyebuni fomu akiwa na hati ya mshahara kichwani hawezi kuliuliza swali hilo vizuri, na data ikiingia mbovu, jibu litatoka bovu.

Halafu kuna ngazi. Tuseme kozi inagharimu 240,000 kwa mwaka. Bendi ya tatu ilikuwa na mpaka wa kipato cha 70,000 na mzazi alitoa asilimia 20, yaani 48,000. Bendi ya nne ilikuwa asilimia 30, yaani 72,000. Kwa mipaka hiyo ya kipato, shilingi moja zaidi ya 70,000 ingemgharimu mzazi 96,000 katika miaka minne. Kodi ya mshahara haifanyi hivyo. KRA hutoza kiwango cha juu kwenye ile ziada peke yake. Kuandika mteremko badala ya ngazi ni kazi ya alasiri moja, hata kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huu unakiuka katiba. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo mwaka 2025, na katikati ya 2025 serikali ikapunguza karo. Sawa, bei imeshuka. Programu bado imefunikwa.

Uingereza walikuwa na kisa chao mwaka 2020. Mitihani ilifutwa kwa sababu ya korona, programu ikakisia alama za wanafunzi, na karibu asilimia 40 ya alama zikashushwa chini ya makadirio ya walimu. Tofauti ni kwamba siku ya matokeo walichapisha maelezo ya zaidi ya kurasa 300 ya jinsi ilivyofanya kazi. Watu walisoma, wakaona inavyowabana watoto wa shule fulani, na baada ya siku nne ikatupwa.

Sisi sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inasema uamuzi mzito ukifanywa na mashine peke yake, mhusika aarifiwe kwa maandishi na aweze kuomba uangaliwe upya. Kuna pia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ninachotaka ni kidogo: uzito wa vigezo uchapishwe, na kila barua ya bendi ioneshe hesabu iliyoleta namba ile, ili yule mzee wa nyuma apate pa kusimama akauliza.

Dada yangu mdogo anafanya KCSE mwaka huu na anataka uhandisi. Kwa mfano wetu wa 240,000, akiangukia bendi ya tatu, mkopo wa masomo ni 72,000 na wa matumizi ni 50,000 kila mwaka. Kwa miaka minne hiyo ni 488,000 kabla ya riba ya asilimia 4, na uhandisi ni miaka mitano. Akichelewa kulipa, faini ni 5,000 kwa mwezi. Nimeshamwandikia jedwali lenye kila kitu, lina nafasi moja tu tupu, pale panapoandikwa bendi.