Mfinyanzi Mbele ya Kamera

Ndugu msomaji, juma hili tukitazame chungu cha udongo, tena si kwa ajili ya mapishi, bali kwa namna ya kuihifadhi kazi ya mfinyanzi kwa picha.

Mji wa Juba umesimama ukingoni mwa Nile, katika nchi ya Wabari. Vita vya 1955 hadi 1972, na vile vya 1983 hadi 2005, viliwatawanya wenyeji. Mapigano ya 2013 na 2016 yakawatawanya tena. Binti aliyekulia kambini nchini Uganda au Kenya aghalabu hakupata kuketi kando ya bibi yake akifinyanga. Kisha sufuria na ndoo za plastiki zikashika mahali pa chungu na mtungi. Kwa hiyo picha ya kazi hii si pambo la ukutani tu, bali ni somo liwekwalo akiba.

Mfinyanzi wa jadi hana gurudumu. Huuponda udongo, huuchanganya na mchanga au vigae vilivyosagwa, kisha hupandisha ubavu wa chungu kwa vipande virefu mfano wa kamba. Hukilainisha, hukitia nakshi, na kukianika kivulini siku kadhaa. Kwani unyevu ukibaki ndani, moto huugeuza mvuke na chungu hupasuka. Piga picha ya kila hatua, nawe uifuate zaidi mikono kuliko uso. Jua la asubuhi au la alasiri huidhihirisha nakshi vizuri. Wakati wa kuchoma, simama upande utokako upepo, moshi usikuzuie.

Lakini ruhusa ndiyo mwanzo. Katika mji ulioona vita, kamera huzusha hofu. Juba mpiga picha hutakiwa kuwa na kibali cha serikali, na kambi, daraja na uwanja wa ndege havipigwi. Nawe ndugu askari, ukaguapo kibali hicho, kague kwa adabu. Aliyemo sheriani mwache aendelee. Mama mfinyanzi naye ana mamlaka juu ya ua wake: aombwe kwanza, na nakala ya picha apelekewe.

Jambo la mwisho ni jina. Mbitim, mfinyanzi wa Kizande wa Li Rangu, karibu na Yambio, alifinyanga vyungu vyenye vichwa vya watu. Kazi zake zimo katika majumba ya makumbusho ya Uingereza, naye angali akitajwa kwa kuwa jina lake liliandikwa. Wenzake wengi vyombo vyao vimehifadhiwa, wao wenyewe wamesahauliwa.

Basi nyuma ya kila picha andika jina la mfinyanzi akikubali, mahali na tarehe. Kama nyumbani kwako yupo bibi ajuaye kazi hii, usingoje mwaka ujao. Wahenga walisema: udongo upatilize ungali maji.