Yuda Ndiye Aliyeshika Mfuko

Jumapili moja ya mavuno, katika kanisa la pembezoni mwa Dar es Salaam, mhubiri mgeni alisimama kuwahimiza waumini wamalizie ahadi zao za ujenzi. Alianza kwa upole, kwa mzaha wa hapa na pale. Alipofika katikati akapandisha sauti: siku hizi, alisema, kuna Wakristo wa kwenye simu ambao kazi yao ni kuuliza sadaka inakwenda wapi, na watu hao wana roho ya Yuda, kwa sababu Yuda ndiye aliyenung'unika marhamu ya thamani yalipomwagwa miguuni pa Yesu badala ya kuuzwa ili maskini wapewe. Kanisa zima likajibu amina. Kwaya ya akinamama ikapiga vigelegele. Mwandishi wa makala haya, aliyekuwa benchi la tatu kutoka nyuma, alinyamaza, na jirani yake akamtupia jicho la pembeni.

Kisa hicho kimo katika sura ya 12 ya Injili ya Yohana, na mhubiri yule angesogeza kidole mstari mmoja tu mbele angebadilisha mahubiri. Yohana anaeleza wazi kilichomsukuma Yuda. Hakuwajali maskini hata kidogo. Alikuwa mwizi, na mfuko wa fedha za wanafunzi ulikuwa mikononi mwake, akidokoa humo. Yuda alikuwa mhazini. Ajabu iliyoje kwamba karne ishirini baadaye jina lake linabandikwa kwa mama muuza vitumbua aliyetaka kujua elfu mbili yake ilinunua nini, huku mshika mfuko akikaa mbele, kwenye kiti chenye mto.

Nyuma ya mahubiri ya aina hiyo kuna imani iliyoota mizizi kuliko mwembe: kwamba noti ikishatumbukia kikapuni, maskini amekwisha kusaidiwa. Kanisa ni mama wa yatima, basi shilingi inayoingia kanisani itajitafutia njia yenyewe hadi kwa yatima, kama maji yanavyoteremka bondeni. Kuuliza bomba limetoboka wapi ni kukosa imani.

Tazama sasa bomba lenyewe. Baada ya mahubiri yale, mhazini alisoma taarifa ya mapato na matumizi. Vigae vya madhabahu. Rangi ya mnara. Vipaza sauti vipya na fundi wake. Mafuta na matengenezo ya gari la mchungaji. Sare za kwaya, nauli ya kwaya, chakula cha kwaya. Makato ya kwenda ngazi ya juu. Posho za semina. Chakula cha wageni, na hapa watu walitabasamu kwa sababu wageni walikuwa wamekula kweli. Mwisho kabisa likaja fungu liitwalo Mengineyo. Muumini mmoja mzee aliomba ufafanuzi, kwa adabu zote, akianza na Bwana Yesu asifiwe. Mhazini akapekua karatasi zake akasema Mengineyo ni maua, rambirambi, maji ya kunywa ya wazee wa kanisa, na wahitaji.

Maskini wa kanisa lile anaishi chumba kimoja na maua.

(Vipaza sauti ni kesi ya kujitegemea. Waumini mia mbili wamefungiwa spika za kutosha Uwanja wa Mkapa, na mgonjwa wa presha nyumba ya tatu hajui tena Ijumaa ya mkesha atakimbilia wapi. Huyo naye angeingizwa kwenye wahitaji.)

Haya mambo ya kumsahau maskini hayakuzaliwa na Ukristo. Mwaka 251 hivi, Papa Kornelio wa Roma alimwandikia mwenzake wa Antiokia barua ambayo Eusebio aliihifadhi katika historia yake ya Kanisa, na ndani yake akahesabu watu wa kanisa lake: makasisi 46, mashemasi 7, kisha wasomaji, wangoja mlango na wengineo, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliokuwa wakilishwa na kanisa hilohilo. Hili lilikuwa kanisa lililotoka tu kuteswa na dola, lisilo na mnara wa kupaka rangi, na bado wajane wake waliorodheshwa pamoja na makasisi wake. Karne iliyofuata Kaisari Juliani, aliyetaka kufufua ibada za miungu ya kale, alimlalamikia kuhani wake mkuu wa Galatia kwamba Wakristo wanawalisha maskini wao na wa wapagani pia, wakiwaaibisha wapagani. Ushahidi wa adui namna hiyo hauhitaji mkaguzi wa hesabu.

Kisha likaja jambo ambalo wahubiri wa fungu la kumi hawalitaji kamwe. Mwishoni mwa karne ya 5 Papa Gelasio aliagiza mapato ya kanisa yagawanywe mafungu manne: la askofu, la makasisi, la maskini, la majengo. Papa Gregori Mkuu aliurudia mgawanyo huo alipomjibu Agustino wa Canterbury, aliyekuwa amemtuma kuhubiri Uingereza. Mafungu manne, na moja la maskini. Robo. Haikuwa makombo yaliyobaki baada ya paa kukamilika, wala kapu la Krismasi.

Hesabu hiyo ni ya darasa la pili. Kanisa likikusanya shilingi milioni nane, milioni mbili ni za maskini, na mtu ana haki ya kuona zilipokwenda. Nani leo anatoa robo? Nani anatoa nusu ya robo? Mtu akiuliza anasomewa Malaki 3:10, mstari ambao kila mtoto wa shule ya Jumapili anaufahamu kabla hajajua jedwali la saba. Sawa, usomwe. Malaki anataka zaka iletwe ghalani ili nyumba ya Mungu iwe na chakula. Chakula! Hakutaja vigae. Na anayetaka kujua chakula kile ni cha nani afungue Kumbukumbu la Torati 14, mistari ya 28 na 29: kila mwaka wa tatu zaka ya mavuno ilihifadhiwa mjini ili Mlawi asiye na shamba, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Wahubiri wamemchukua Mlawi, wengine watatu wamewaacha mlangoni.

Watetezi wa mambo yalivyo wana jibu wanalolipenda, nalo ni tamu kweli: kanisa husaidia kwa siri, maana Bwana alifundisha kwamba mkono wa kushoto usijue unachotenda wa kulia. Yaani kwa unyenyekevu. Basi mtu aende kwenye kituo chochote cha kulelea yatima siku kikundi cha kanisa kinapotembelea. Kuna bango la mita tatu lenye picha ya kiongozi. Kuna fulana zilizochapishwa kwa ajili ya siku hiyo, na ukipiga hesabu utakuta fulana zimegharimu kuliko unga, mafuta na sabuni vilivyopangwa chini. Mtoto anasimamishwa katikati ashike mfuko wa sukari, anaambiwa atabasamu, mpiga picha hakuridhika, anashikishwa tena. Mkono wa kushoto haujui lolote, kweli. Kamera inajua yote.

Kenya waliwahi kukaribia kuuliza swali lenyewe, wakapita pembeni. Novemba 2024 Rais William Ruto alifika katika kanisa Katoliki la Soweto, mashariki ya Nairobi, akatoa shilingi milioni 2 kwa ujenzi wa nyumba ya mapadre na 600,000 kwa kwaya na baraza la kimisionari, akaahidi milioni 3 nyingine pamoja na basi. Gavana Johnson Sakaja akaongeza 200,000 kwa kwaya. Askofu Mkuu Philip Anyolo akaamuru fedha zirudishwe, kwa kuwa kanisa halipaswi kuwa jukwaa la wanasiasa, na Wakenya wakamshangilia. Walikuwa na haki ya kushangilia. Ila itazame tena ile orodha: nyumba ya mapadre, kwaya, baraza, basi. Soweto ni mtaa wa watu wanaonunua unga kwa kipimo, na katika mamilioni yote yale yaliyotolewa, kuahidiwa na kurudishwa, hakuna aliyefikiria hata kumdanganya maskini kwa kumtaja jina. Machi 2025 Rais huyohuyo akatoa milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry, Roysambu. Za nini? Ujenzi. Vijana waliandamana barabarani, na mjadala wote ukawa ametoa wapi.

Anayebanwa hapa hukimbilia hospitalini. Atataja Bugando, KCMC, Ndanda, Peramiho, na kuuliza kwa ushindi: hizo si kazi ya makanisa? Ni kazi ya makanisa, na masista waliozeeka wakiosha vidonda vya wakoma kusini mwa Tanzania hawahitaji utetezi wa mtu yeyote. Lakini Ndanda na Peramiho zilianzishwa na Wabenediktini kutoka Ujerumani, na Bugando na KCMC, zilizofunguliwa mwaka 1971, zilisimama kwa msaada mkubwa wa wafadhili wa ng'ambo. Kwa makubaliano yake na makanisa, Serikali hulipa mishahara ya watumishi wengi katika hospitali za makanisa zilizoteuliwa kuhudumia wilaya. Kodi ya Mwislamu wa Lindi imo humo. Na mgonjwa akifika dirishani swali la kwanza ni bima au taslimu. Kwa hiyo mhubiri anayeitaja hospitali kama jibu la sadaka ya Jumapili iliyopita anaazima heshima ya Wajerumani, ya hazina ya taifa na ya mgonjwa mwenyewe, kisha anaipitisha kikapuni kama yake.

Hata Roma, makao ya Gelasio na Gregori, robo imenywea. Vatikani ilipotoa hesabu za mwaka 2022 za mchango wa Petro, sadaka ya Wakatoliki kwa Papa, katika euro karibu milioni 94 zilizotumika, takriban milioni 16 ndizo zilizokwenda moja kwa moja kwenye miradi ya wahitaji. Karibu milioni 78 ziliendesha shughuli na ofisi za Papa. Waumini wengi duniani hutoa mchango huo wakiamini ni wa maskini. Wamepewa walau heshima moja ambayo kanisa la mtaani halitoi: tarakimu zimechapishwa, mtu anaweza kuzikasirikia.

Mfano ulio wazi kuliko yote upo Côte d'Ivoire. Rais Félix Houphouët-Boigny alijenga Yamoussoukro, mji wa nyumbani kwake, basilika ambayo ni kati ya makanisa makubwa kabisa duniani. Papa Yohane Paulo II alikubali kuja kuiweka wakfu mwaka 1990 kwa sharti kwamba hospitali ijengwe jirani, na jiwe la msingi likawekwa. Kuba, marumaru na vioo vya rangi kutoka Ufaransa vilikamilika katika miaka minne hivi. Ilipita miaka zaidi ya 20 kabla hospitali haijapokea mgonjwa. Mungu alikuwa yuleyule, ila foleni zilikuwa mbili.

Na tusidanganyane kwamba makanisa hayajui kutunza kumbukumbu. Afe mtu. Kabla jeneza halijafika nyumbani, kadi ya marehemu imeshaitishwa: bahasha namba ngapi, zaka ya mwaka gani, ahadi ya jengo ilifika wapi, jumuiya alihudhuria mara ngapi. Wapo waliozikwa na jirani mwenye kitabu cha nyimbo kwa sababu mstari mmoja wa kadi ulikuwa mweupe. Katika deni la marehemu hakuna fungu la Mengineyo. Kila shilingi ina tarehe yake. Wahasibu stadi namna hii wangeweza kubandika karatasi moja ubaoni, karibu na matangazo ya ndoa: tumekusanya kiasi hiki, robo ni hii, imelipa matibabu ya watu kadhaa na karo za watoto kadhaa. Majina yafichwe, hapo ndipo siri ya mkono wa kushoto ingefaa.

Ibada ile ya mavuno ilimalizika kwa mnada nje, chini ya mwarobaini. Bibi mmoja alikuwa ameleta kuku, jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kipande cha khanga. Dalali, kijana mchangamfu wa kwaya, alimpandisha jogoo kutoka elfu kumi hadi elfu arobaini na tano, watu wakicheka na kupandiana bei. Mnunuzi akatangaza kwamba kuku huyo anamzawadia mhubiri mgeni. Makofi. Jogoo akawekwa kwenye buti la gari, juu ya mananasi na mkungu wa ndizi, buti likafungwa akiwa bado anawika. Bibi alikunja kile kipande cha khanga alichorudishiwa, akakitia kwenye mkoba, kisha akaanza kupita kwa mmoja mmoja akiuliza kama kuna mwenye gari anayeelekea Mbagala, kwa maana asubuhi alikuja kwa miguu.